Shajara ya mradi: barua za ukoo, zisomwe Krismasi

27 Oktoba

Shangazi amekubali. Sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda cha Bibi tangu kabla sijazaliwa limeteremka kutoka Marangu hadi Dar es Salaam kwa basi, limefungwa kamba ya katani, na ndani mna barua ambazo ukoo wetu uliandikiana tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka simu za mkononi zilipochukua nafasi yake. Sharti ni moja. Barua zote zirudi nyumbani kabla ya Krismasi, na lolote nitakalolifanya nazo lisomwe mbele ya watu wote. Hataki kila mtu agawiwe nakala yake aende kuifungia kabatini.

Sharti hilo ndilo lililouumba mradi huu. Mwanzoni nilifikiria kitabu cha kawaida chenye dibaji, picha na maelezo chini ya kurasa. Sasa natengeneza kijitabu cha kusikilizwa: barua zilizochaguliwa, zimepigwa chapa upya, zisomwe kwa zamu jioni ya tarehe 25 Desemba, wakati wajukuu na vitukuu wamejaa nyumba moja na wengine wamekaa nje kwenye mabenchi. Mimi ni mwandishi wa hadithi fupi, na nimezoea kumwandikia mtu mmoja aliye peke yake na kitabu chake. Kuandaa maandishi kwa ajili ya nyumba nzima ni kazi ngeni kwangu, na imenishika.

Wiki hii kila barua inapigwa picha mbele na nyuma, pamoja na bahasha yake, kisha inarudi kwenye sanduku. Karatasi nyingi zimeanza kukatika penye mikunjo, kwa hiyo baada ya hapo nitafanya kazi na picha tu.

3 Novemba

Kupanga kwa tarehe kumekula wiki. Wengi waliandika siku na mwezi wakaacha mwaka, maana aliyepokea aliujua. Bahasha zinasaidia: stempu zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja ni za enzi ya posta moja ya Afrika Mashariki, kwa hiyo naziweka kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Penye bahasha iliyopotea natafuta ndani ya barua yenyewe. Anayeuliza kama vijana wa kijijini wamerudi kutoka Uganda aliandika mwaka 1979 au karibu na hapo. Anayeagiza vipande vya sabuni vifichwe ndani ya gunia la mahindi aliandika katika miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, dukani mkiwa na rafu tupu na foleni nje.

Kahawa nayo inasema. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, iliandikishwa mwaka 1933, ikavunjwa pamoja na vyama vikuu vingine vya ushirika mwaka 1976, ikarejeshwa mwaka 1984. Barua inayosema "KNCU wametoa malipo ya pili" haiwezi kuangukia katikati ya miaka hiyo. Na malipo ya pili yanatajwa sana, kwa sababu mkulima alilipwa kwa awamu, kidogo siku ya kupeleka kahawa chamani na nyingine baada ya kuuzwa mnadani. Awamu hiyo ndiyo iliyoamua kama kutakuwa na nguo za sikukuu, kama mbuzi atanunuliwa, na kama Januari ada italipwa. Kuna barua nzima ambayo ni chule buni tu, ugonjwa uliokausha kahawa mbichi mitini, na bei ya mrututu wa kupulizia. Nimeichagua. Wadogo wetu wanapita chini ya mibuni iliyobaki bila kujua kwamba ndiyo iliyowasomesha wazazi wao.

10 Novemba

Leo nimezungumza na Baba kwa simu muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba.

Bibi na Babu hawakujua kusoma. Barua ilikuja kwa sanduku la posta la usharika, na Jumapili baada ya ibada majina yaliitwa nje ya kanisa. Ikifika nyumbani haikufunguliwa mpaka jioni, watu wakishatoka shambani na kukata majani ya ng'ombe. Kisha mtoto aliyekuwa shuleni anasimama karibu na koroboi na kusoma. Barua iko kwa Kiswahili, wasikilizaji wanaongea Kivunjo, Kichaga cha kwetu, kwa hiyo mtoto anasoma sentensi, anaigeuza, anasubiri wazee wamalize kuitikia, ndipo anaendelea. Baba alianza kazi hiyo akiwa darasa la tatu. Anasema pale ndipo alipojifunza kusoma kweli, kwa sababu akirukia neno gumu, Babu alisikia pengo na kumrudisha.

Walioandika walijua hilo lote. Nilipoanza kuzipiga chapa sikuelewa kwa nini katikati ya barua ya Baba Mkubwa kutoka Tanga, alikofanya kazi kwenye shamba la mkonge, mnatokea sentensi kama hii: "Wewe unayesoma, soma taratibu, Mama asikie." Au: "Hapa simama kwanza, uwape nafasi ya kushukuru Mungu." Alikuwa anamwongoza mdogo wake kwa umbali wa mamia ya kilomita. Aliandika akiona sebule.

Na kwa kuwa msomaji ni mtoto, kuna mambo ambayo barua hizi hazisemi. Ugonjwa mkubwa haumo, deni halimo, ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, haumo. Panapofika mambo ya namna hiyo, utakuta "mengine mtaelezwa na aliyebeba barua hii", na hapo historia ya ukoo inahamia kwenye mdomo wa mtu ambaye pengine alishafariki zamani. Nimejikuta nazipenda sentensi hizo kuliko zote. Zinaonyesha mtu mzima akipima uzito kabla ya kumtwika mtoto.

17 Novemba

Jaribio la kwanza la kusoma kwa sauti. Binti yangu yuko darasa la sita, anasoma vizuri, na Kivunjo hakijui zaidi ya salamu. Nimempa barua ya mwaka 1972, imepigwa chapa. Alipofika nusu ya ukurasa aliniuliza kwa nini habari haijaanza.

Ana haki ya kuuliza. Barua inaanza kwa "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali zenu; ama mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali nami", halafu inafuata orodha: msalimu Baba, msalimu Mama, msalimu Shangazi na wanawe wote, msalimu Baba Mdogo, msalimu jirani wa chini ya mfongo (mfereji wa maji), msalimu mwalimu wa kwaya, na yule mtoto mchanga ambaye sijamwona. Barua hiyo ina kurasa mbili, na ukurasa mmoja ni salamu. Mhariri yeyote wa jarida angezikata, na mimi mwenyewe nimekata za watu wengine nilipohariri.

Hapa zinabaki zote. Fikiria waliokuwa wamekaa wakisikiliza: kila jina lilipotajwa, mwenye jina aliitikia, na aliyesahaulika aliumia, wakati mwingine kwa miaka. Salamu zilikuwa ndiyo sehemu ya barua inayomhusu kila mmoja. Habari zilimhusu anayedaiwa au anayetakiwa kutuma kitu. Halafu kuna Krismasi yetu ya mwaka huu. Baadhi ya hao "watoto wachanga" watakuwepo, sasa wana mvi. Nataka wasikie wakitajwa, na watoto wao wasikie.

Tahajia pia naiacha ilivyo. Mmoja wetu aliandika "kurara" na "kurima" maisha yake yote, na ukimsoma kwa sauti unamsikia alivyokuwa akiongea. Nimemweleza binti yangu, akasoma tena tangu mwanzo, safari hii akisimama kila baada ya jina.

24 Novemba

Nimepata kitu ambacho sikukitafuta, na mradi umesimama kidogo.

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitabu cha nyimbo kilichochanika jalada, kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nyingi. Penseli. Herufi kubwa tupu, zimeachana kama miche iliyopandwa kwa kamba. Ni barua ya Bibi mwenyewe.

Lazima nieleze ilivyowezekana. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika; baada ya mtihani wa taifa wa mwaka 1977 ilitangazwa kuwa wamebaki kama 27 katika kila 100. Takwimu hizo nilikuwa nazijua tangu shuleni. Sikuwa nimewahi kuzishika mkononi. Bibi alikwenda kisomo jioni kwenye shule ya msingi aliyosoma Baba, akakaa kwenye madawati ya watoto pamoja na wanawake wenzake waliotoka kubeba majani kutoka tambarare. Barua imeandikwa Desemba 1975, kwenda kwa Baba Mkubwa kule Tanga. Shangazi anakumbuka kwamba kaka yake aliirudisha siku ya maziko ya Bibi na kuiweka humo sandukuni bila kusema neno.

Ina mistari michache. Inasema malipo yametoka, mbuzi yupo, njoo Krismasi. Kisha inasema: "BABA YENU ANAKOHOA DAMU. WATOTO HAWAJUI. USIJIBU KWA BARUA."

Baba Mkubwa alikuja Krismasi ile. Babu alifariki mwaka uliofuata kabla ya mvua za masika kuisha. Nimekua nikimsikia Baba akiisimulia Krismasi hiyo kila mwaka tukishamaliza kula: kaka yake alitokea ghafla tarehe 23, bila barua yoyote kusomwa, na kwamba ndivyo Mungu alivyomwongoza amwone baba yake akiwa bado anacheka. Baba alikuwa na miaka kumi na miwili. Ndiye aliyesoma kila barua iliyoingia na kuandika kila iliyotoka, akipokea imla ya mama yake. Hii moja haikupita mkononi mwake.

Mwanamke aliyejifunza kusoma ukubwani, kitu cha kwanza alichokifanya na ujuzi wake ni kumpumzisha mtoto. Nimekaa nayo siku nzima.

Swali la mradi ni gumu. Kijitabu kizima ni cha barua zilizoandikwa zisikike na wote. Hii iliandikwa kwa makusudi isisikike na wote. Ndiyo nzuri kuliko zote zilizomo sandukuni, na kama mwandishi mkono unaniwasha.

1 Desemba

Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mshumaa wa kwanza umewashwa kanisani na kwaya ya vijana imeanza mazoezi ya nyimbo za Krismasi kila jioni, tunazisikia hadi nyumbani. Mtaani wachaga wanaulizana swali moja tu: unapanda lini? Nauli, tiketi, nani anaweza kubeba mzigo wa nani. Wengine watapanda treni, ambayo tangu irudi kwenye reli ya Moshi mwezi Desemba 2019, baada ya miaka zaidi ya ishirini bila abiria, imekuwa sehemu ya hesabu za sikukuu. Sisi tutakwenda kwa basi.

Kila Majilio nasoma tena sura ya pili ya Injili ya Luka polepole kabla haijasomwa mimbarini. Mwaka huu nimekaa kwenye safari: watu wote wanaondoka, kila mtu anakwenda mjini kwao, mama mjamzito akiwamo, na mahali pa kulala hapatoshi. Nikiwa mtoto nilidhani Luka anaelezea Kilimanjaro mwezi Desemba. Tulilala watoto sita kwenye kitanda kimoja, miguu huku vichwa kule, na hakuna aliyeambiwa arudi alikotoka.

Kuhusu kurudi: nimemaliza kupiga chapa barua za Baba Mdogo aliyekuwa Mombasa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977 ukafunguliwa Novemba 1983. Kutoka kwetu hadi Holili si mbali, na ng'ambo yake ni Taveta, ambako tuna ndugu mpaka leo. Barua zake za miaka hiyo hazina stempu hata moja. Zilipita mikononi mwa watu. Kila Desemba anaandika jambo lile lile kwa maneno tofauti: nichinjieni na mimi, fungu langu mpeni Mama. Fungu, kwa asiyejua desturi yetu, ni kipande maalumu cha nyama kulingana na nafasi yako katika ukoo, na kumwekea mtu fungu lake ni kusema bado yumo. Barua ya Desemba 1983 ni fupi kuliko zote. Inasema anakuja na atafika siku gani, basi. Nimeiweka mwisho wa kijitabu.

Ya Bibi bado sijaamua.

8 Desemba

Mambo ya uchapaji, haraka. Kurasa zimefika sabini na kidogo. Herufi saizi 16, maana watakaosoma ni pamoja na wazee, na umeme ukikatika tutasoma kwa tochi na taa za solar. Nimeacha nafasi pana kila palipo na jina ili msomaji asimame. Karatasi isiyong'aa. Jalada jepesi, picha ya bahasha moja yenye stempu ya zamani. Fundi wa steshenari Kariakoo alishauri kushona katikati kwa pini badala ya gundi, kwa sababu vitabu vya gundi hukatika vikifunguliwa sana, na hivi vitafunguliwa na watoto. Nimemsikiliza.

Nimefuta dibaji yangu. Ilikuwa kurasa tano, nimeifanyia kazi tangu Oktoba, na haina kosa. Lakini kila nilipoisoma kwa sauti niliona inachelewesha salamu.

Utaratibu wa kusoma: mtoto mmoja anasoma, kila barua mtoto mwingine, na Shangazi anaieleza kwa Kivunjo baada ya kila aya. Wazee wanaelewa Kiswahili vizuri siku hizi, hilo najua. Nataka watoto wakisikie Kivunjo kikifanya kazi, kikibeba habari nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa watoto wengi waliozaliwa Dar, hicho ni kitu wanachosalimiwa nacho kisha kinawekwa pembeni.

15 Desemba

Nimempigia Shangazi na kumsomea barua ya Bibi. Alinyamaza, nikasikia kuku na mtu anayetwanga. Kisha akaniomba nirudie mstari wa mwisho.

Hakujua. Alikuwa na miaka tisa, na Krismasi ile anayoikumbuka ni ya gauni jipya na mbege ya ulezi iliyopikwa nyumbani, baba yake amekaa juani na kata mkononi. Amesema sasa anaelewa kwa nini mwaka ule hakuchinja mwenyewe, alimkabidhi kisu Baba Mkubwa.

Nikamuuliza: iingie kijitabuni?

"Mama yangu alijifunza kuandika ili mtoto asiisome," akasema. "Wewe unataka kumpa mtoto aisome?"

Basi, haimo. Sikubishana, na baada ya kukata simu niliona uzito umenitoka. Nilikuwa nimeshaanza kujishawishi kwamba miaka mingi imepita, kwamba wahusika wamelala, kwamba barua nzuri ni ya watu wote. Sentensi ya Bibi iko wazi. Aliandika kwa mtu mmoja.

Lakini Shangazi ameongeza jambo. Baba lazima aione. Apewe mkononi, akiwa peke yake, kabla ya tarehe 25, asije akaisimulia tena Krismasi ile mezani huku mimi na Shangazi tukiijua barua hii na yeye hajui. "Na usimsomee," akasema. "Macho anayo."

20 Desemba

Vijitabu vimetoka, vimefungwa kwenye boksi la karatasi za A4, vitakaa chini ya kiti. Nimekuta kosa moja la ukurasa uliogeuzwa katika nakala chache na fundi amezibadilisha. Binti yangu ameshachagua barua yake: ya chule buni. Nilimuuliza kwa nini hiyo, akasema ina maneno magumu na anataka Babu yake asikie hajaruka hata moja.

Vitabu vingine nilivyobeba kwa ajili ya nyumbani ni vya watoto wa kaka yangu, na kimoja cha mashairi kwa Baba, kama kila mwaka. Huwa tunakisoma yeye na mimi asubuhi ya tarehe 26, nyumba ikiwa bado imelala, tukipokezana beti.

Sanduku la bati limefungwa tena kwa kamba ile ile, barua zote ndani isipokuwa moja, iliyo kwenye bahasha mpya ndani ya mkoba wangu. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Himo. Jioni tutakuwa Marangu. Shangazi atawapeleka watoto kwake kwa chakula cha usiku, ili Baba abaki.

Januari nitaanza daftari la rasimu, lile ambamo Baba aliandika majibu ya Bibi kabla ya kuyanakili. Wino umefifia sana na nitahitaji awe pembeni yangu kunisaidia kuyasoma.